Nukta Zote Zibaki Ramanini

Jumatatu, 8 Septemba

Bergljot ameingia ofisini leo asubuhi na viatu vyake vya mvua. Hakuvivua mlangoni kama watu wote wa mji wetu wa Volda wanavyofanya. Alipita moja kwa moja hadi kwa Vegard, bosi wetu, akamwekea kompyuta yake juu ya karatasi alizokuwa akisoma.

"Imekufa," akasema. "Siyo kompyuta. Ukurasa wenu."

Vegard akamkaribisha kahawa. Bergljot akamwambia kahawa anayo kwake.

Huyu mama ndiye anayeongoza waokoaji wa kujitolea upande wetu wa ghuba. Jumamosi walikuwa mlimani wakimtafuta mtu aliyepotea akichuma uyoga. Kila mtafutaji hubeba kifaa kinachotuma mahali alipo, na kila nukta inapaswa kutokea papo hapo kwenye ramani ya ukurasa tunaowatengenezea, ili kiongozi aliyebaki chini ajue wapi pamepitiwa na wapi bado. Watafutaji walipokuwa wachache ramani ilienda vizuri. Walipoongezeka, wao na mbwa wao, ikaanza kusuasua, halafu ikaganda kabisa. Bergljot akarudi kwenye ramani ya karatasi na penseli. Mchuma uyoga akajitokeza mwenyewe barabarani, kikapu kimejaa.

"Safari hii tumebahatika," Bergljot akasema, akachukua kompyuta yake na kuondoka. Sakafu yote ikabaki na nyayo za matope.

Vegard akageuka kwetu. Dawa yake ni nyepesi: katika kila nukta kumi tuonyeshe moja. Ramani itapumua na hakuna atakayegundua.

"Hapana," nikasema.

"Hapana ya nini, Torunn? Sijauliza kitu."

"Nimekujibu mapema."

Mbele yangu Kasper, Mdenmaki, mkuu wetu wa msimbo, yale maagizo yanayoendesha ukurasa, aliendelea kutafuna mkate wake mweusi uliopakwa ini la kusaga. Hakuinua macho.

Jumanne, 9 Septemba

Mvua.

Alhamisi, 11 Septemba

Ugonjwa nimeuona. Nukta zote tunaziweka katika safu moja ndefu. Nukta mpya ikifika, msimbo wetu hauiongezi tu mwishoni. Unanakili safu nzima upya, ya zamani unaitupa, halafu ndipo unaweka hiyo moja. Kisha, kwa kila mtafutaji, unaipitia safu yote toka mwanzo ukichagua zilizo zake. Kisha unazipanga kwa wakati, ijapokuwa zilishafika zimepangwa. Kwa watu watano hakuna anayehisi. Wakifika hamsini, kivinjari, ile programu inayofungua ukurasa, kinahema kama mtu anayehamisha vyombo vyote vya nyumba kila anapotaka kuongeza kijiko.

Nikamwonyesha Kasper. Akasoma, akafuta vidole.

"Safu haibadilishwi mahali ilipo," akasema. "Hiyo ndiyo sheria yetu. Huwezi kujua nani mwingine ameishika."

"Najua nani ameishika. Nimefuatilia."

"Umefuatilia leo. Kesho je?"

"Kesho watu watakuwa mlimani, bwana, na ramani imeganda."

Akasema atafikiria. Kasper, kama Wadenmaki wote, anaongea kama ana kiazi kooni, ila ninapotaka nisimwelewe ndipo ninapomwelewa vizuri zaidi. Maana yake ilikuwa hapana. Naona anapenda msimbo uwe msafi kuliko anavyopenda ufanye kazi. Akipewa nyumba atakataza watu kuingia na viatu hata ikiwa inaungua.

Jumatatu, 15 Septemba

Nimepeleka msimbo mpya. Kasper ameukataa.

Jumanne, 16 Septemba

Nimeupeleka tena. Ameukataa tena. Mvua ile ile.

Ijumaa, 19 Septemba

Vegard ametuita. Uamuzi umepita: nukta zipunguzwe, moja katika kumi. Nikamwambia mkono wangu hautagusa kitu hicho.

"Basi Kasper atafanya."

Tukamtazama Kasper wote wawili. Alikuwa akichora miraba midogo kwenye pembe ya gazeti.

"Nipe wiki mbili," akasema.

"Za nini?"

"Za kufanya vizuri."

Sikujua kama ananikingia au anajikingia mwenyewe. Niliporudi mezani nilimuuliza. Akasema, "Sipendi haraka," akavaa vidude vyake vya masikioni.

Jumapili, 21 Septemba

Nilikwenda kwa Bergljot. Nilitaka anieleze kwa kinywa chake nukta zote kumi zina kazi gani, maana mimi naona tarakimu tu. Alikuwa uani, anapanga kuni chini ya paa la bati. Hakuacha kazi. Nikaanza kumpokeza kuni.

"Umewahi kumtafuta mtu?" akauliza.

"Hapana."

"Mtu akilala chini hana ukubwa. Akiwa na koti la kijani ndiyo kabisa. Unaweza kumpita karibu na usimwone." Akachukua kuni mbili, akaziweka chini, moja huku na moja kule. "Hapa nilikuwa. Hapa nimefika. Katikati kuna korongo. Mimi sikushuka korongoni, nimelizunguka, kwa sababu kuna mvua na mawe yanateleza. Sasa wewe ukifuta nukta zangu za kuzunguka, ramani yako itachora nini?"

"Mstari ulionyooka."

"Kukatisha korongoni."

"Ndiyo."

"Basi aliye chini atasema korongo limeshatafutwa. Na aliye ndani ya korongo atatusikia tukiondoka." Akanipokonya kuni niliyoishika. "Ndugu yangu alikuwa ndani ya eneo lililopigwa alama kwamba limetafutwa. Kwa penseli, hiyo. Hatukuwa na ukurasa wa kuulaumu. Chukua zile kubwa, hizi ndogo nitazipanga mimi."

Tulipanga kuni mpaka chini ya paa pakajaa.

Jumatano, 24 Septemba

Nimemweleza Vegard habari ya korongo, kwa maneno ya Bergljot. Alisikiliza, nampa haki yake. Akasema Jumamosi waokoaji wana mazoezi. Nijaribishe msimbo wangu huko, usipite ofisini kwa Kasper, uwe wa siku moja tu. Kukiwa shwari tutaongea.

Kasper alisikia yote. Akaja akasimama nyuma yangu, akasoma skrini muda mrefu.

"Safu hii ya kupokelea unaitumia mara ngapi?" akauliza, akionyesha kwa kidole.

"Naitumia tena na tena. Kila fungu la nukta likija najazia humo humo, ili kivinjari kisiwe kinatengeneza mpya na kuzoa za zamani kama takataka."

"Na nani anaisoma?"

"Ramani. Kasper, niache nimalize."

Akaniacha.

Jumamosi, 27 Septemba

Naandika haya yote kwa sababu nikiyaacha hadi kesho nitaanza kuyapamba.

Mazoezi yalikuwa chini ya mlima Blåskar. Bergljot alikuwa amemficha sanamu wa nguo, amemvika koti la kijani, mahali ambapo yeye tu na msaidizi wake walipajua. Sisi tulikaa ndani ya gari la waokoaji, mimi, yeye na skrini kubwa. Watafutaji wakapanda. Nukta zikaanza kuingia, na ramani yangu ikaruka. Sina neno jingine. Mistari ilikuwa inakua mbele ya macho kama nyasi. Mbwa wakaongezwa, vijana wa mji jirani wa Ørsta wakaongezwa, na ukurasa haukushtuka. Msaidizi wa Bergljot alinipiga begani. Nilimtumia Vegard picha. Nilitaka kumtumia na Kasper, nikajizuia, na hilo peke yake ndilo la kunisifia leo.

Kufika adhuhuri eneo lote lilikuwa limefunikwa mistari. Sanamu hajapatikana.

Bergljot alitazama skrini, akatazama mlima kupitia dirisha, akarudi kwenye skrini. Akachukua redio, akamwita Aslaug, mwenye mbwa mweusi.

"Aslaug, umepita kijito cha magharibi?"

"Sijafika huko kabisa," redio ikajibu. "Niko mashariki toka asubuhi."

Kwenye ramani, mstari wa Aslaug ulikuwa umepita juu ya kijito cha magharibi, umenyooka na kupendeza.

Nilielewa kabla sijagusa kibodi. Fungu la Aslaug na fungu la mtu mwingine yalifika kwa pamoja. Safu yangu ya kupokelea ni moja. Ramani ilikuwa bado inasoma za Aslaug wakati mimi nikijazia za mtu yule juu yake, na nukta za huyu zikachorwa kwa jina la yule, nusu huku nusu kule, na kati yake mstari. Lile lile nililomkataza Vegard nimelifanya mimi, tena kwa kasi.

Sanamu alikuwa kwenye kijito cha magharibi. Aslaug alimtoa mwenyewe, akamteremsha amembeba mgongoni, maji yanachuruzika kwenye mikono ya koti.

Bergljot hakunigombeza. Alimkalisha sanamu kwenye kiti kilichokuwa kitupu ubavuni mwangu, akatoka nje kuwamwagia watu supu.

Jumapili, 28 Septemba

Sikula.

Jumatatu, 29 Septemba

Nilifika mapema nikaketi nikingoja Kasper acheke. Alifika, akatundika koti, akavuta kiti chake hadi mezani kwangu.

"Fungua," akasema.

Nikafungua. Akaenda pale pale alipoonyesha kidole Jumatano.

"Umekosea hapa."

"Najua."

"Hapa tu." Akapandisha ukurasa. "Huku juu kote uko sahihi. Kila mtafutaji kuwa na safu yake, sahihi. Kuongeza mwishoni bila kunakili, sahihi. Kutopanga kilichokwisha kupangwa," akasita, akakohoa, "hilo nilipaswa kuliona mimi zamani. Nilikuwa nalinda sheria, sikuwa naangalia ramani."

Nilikuwa nimejiandalia majibu ya kila aina isipokuwa ya hilo.

"Kwa nini hukuniambia wazi Jumatano?"

"Nilikuambia. Ukasema nikuache umalize."

Tukatazamana. Kisha akacheka, na mimi nikacheka, kicheko kibaya cha watu ambao hawajalala. Siku nzima tumekaa bega kwa bega. Sheria tuliyoiandika ni fupi: kila safu ina mwenyewe mmoja, mwenyewe peke yake ndiye anayeibadilisha, na anayetaka kuichungulia anapewa nakala ya kipande kipya tu, siyo ya safu yote. Kunakili kidogo mlangoni, si kunakili nyumba nzima. Nilipomwambia kwamba hiyo ni nusu sheria yake na nusu yangu, akasema hapana, robo tatu ni yake. Harufu ya ini la kusaga nimeizoea.

Alasiri Vegard akaja. Alikuwa amezungumza na msaidizi wa Bergljot.

"Nimeona inatosha," akasema. "Tunaendelea na kupunguza nukta. Angalau hiyo tunajua itafanya nini."

"Tunajua," nikasema. "Itadanganya."

Ijumaa, 3 Oktoba

Kasper anatengeneza majaribio ya kuuvunja msimbo wetu. Mafungu yanayofika pamoja, yanayofika kinyume, yanayofika mara mbili. Akifanikiwa kuuvunja ananiita kwa furaha. Mvua imehamia pembeni, sasa inapiga madirisha ya upande wa ghuba.

Jumanne, 7 Oktoba

Ameuvunja tena. Tumeurekebisha.

Ijumaa, 10 Oktoba

Tangu juzi hajauvunja. Ana huzuni.

Jumatatu, 13 Oktoba

Vegard amekataa hata kuangalia. Ramani ya nukta moja katika kumi imepandishwa leo, ameifanya mwenyewe, mtu ambaye hajaandika msimbo tangu tulipokuwa chumba kimoja juu ya duka la mikate. Tulikuwa wanne wakati ule na yeye ndiye alikuwa wa mwisho kuzima taa. Namkumbuka vizuri yule. Siyo mtu mbaya hata sasa. Anaogopa kuaibika tena mbele ya waokoaji, na woga umemfanya achague aibu isiyoonekana.

"Nitawaambia," nikasema.

"Utamwambia nani nini?"

"Waokoaji wote. Kwamba mistari wanayoiona si njia waliyopita."

"Torunn, ukifanya hivyo unavunja mkataba wako wa kazi. Nitalazimika kukuandikia onyo."

"Andika tu."

Nimewaandikia jioni hii, na nakala nimempa yeye.

Alhamisi, 16 Oktoba

Dhoruba ya kwanza ya kweli. Kivuko hakijatoka. Vegard hanisalimii.

Jumamosi, 18 Oktoba

Kulipopambazuka Bergljot alipiga simu. Mwindaji wa kulungu hajarudi tangu jana mchana. Jorid, mwalimu wa useremala pale shule ya sekondari ya juu. Namjua kwa sura. Gari lake liko mwisho wa barabara ya Blåskar. Upepo umekuwa mkali mno kwa helikopta.

"Nina watu mlimani toka usiku," akasema. "Ramani yenu inaniambia upande wa kusini umekwisha. Barua yako inaniambia nisiiamini. Niamini nini?"

"Nakuja."

Nilimpigia Kasper nikiwa njiani. Nilidhani atauliza habari ya ruhusa. Aliuliza kama barabara inapitika.

Tulikuta gari la waokoaji linayumba kwa upepo. Nikamweleza Bergljot kila kitu: kwamba msimbo upo, kwamba bosi ameukataa, kwamba ule wa mazoezi ulimdanganya na huu umetokana na ule ule. Asije akasema baadaye hakujua.

Akamgeukia Kasper. "Na wewe, uliyekuwa unamkatalia, unasemaje?"

"Nimejaribu kuuvunja kwa njia zote ninazozijua," Kasper akasema. "Nimeshindwa. Naweka jina langu juu yake."

"Pandisheni."

Tukapandisha kwenye mashine yake peke yake. Ikamwaga nukta zote za usiku mzima, kisha mpya zikaendelea kuingia, na haikusita hata mara moja. Lakini hakuna aliyeshangilia. Tulichokiona ni kwamba upande wa kusini, pale ramani ya Vegard ilipoonyesha mistari minne imekatisha korongo, hakuna mtu aliyekatisha. Wote wanne walikuwa wamelizunguka. Katikati palikuwa peupe.

Bergljot akawatuma watu korongoni na kamba. Nilikaa nikiangalia nukta zao zikishuka taratibu, na nilikuwa na hakika. Akilini nilishamwona Jorid pale, nilishaona jinsi nitakavyomtazama Vegard.

Jorid hakuwepo korongoni.

Walilipekua lote, jiwe kwa jiwe, mpaka peupe pote pakajaa mistari. Hayupo. Nikamwambia Bergljot samahani, nimekupotezea watu na muda.

"Samahani ya nini?" Alikuwa ameshachukua redio. "Sasa najua hayupo kusini. Jana usiku sikujua, nilikuwa nadhani tu. Unajua maana yake? Kila mtu niliyenaye sasa namhamishia ng'ambo ya mgongo wa mlima, na simwachi hata mmoja nyuma kwa wasiwasi."

Akawahamisha wote. Nikaona nukta zikigeuka, zikakusanyika, zikapanda mgongo wa mlima kama siafu. Kasper alikuwa ameshika ukingo wa meza.

Aslaug ndiye aliyempata, yeye na mbwa wake, alasiri mvua ikianza kuwa theluji. Jorid alikuwa amevunjika mguu, amejisogeza chini ya mwamba, amejifunika matawi. Alikuwa anaongea. Alitaka kujua kama kuna mtu amemlisha farasi wake.

Bergljot alikaa chini, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Alivua viatu vyake vya mvua, akaviweka pamoja, akafunika uso kwa mikono yake. Kasper na mimi tukatoka nje tumwachie nafasi. Nje upepo ulikuwa unakata. Kasper alikuwa na kipande cha mkate mfukoni, akakigawa nusu kwa nusu.

Jumatatu, 20 Oktoba

Vegard alituita wote wawili. Alishasikia, Volda nzima imeshasikia. Nilitegemea ama atatupongeza ama atatufukuza. Alionekana kuchoka.

"Mngekosea je?" akauliza. "Kama mazoezini. Mtu akafa."

"Ndiyo maana tulimweleza kiongozi kila kitu, akachagua yeye," nikasema. "Wewe hukumweleza kitu."

Akasema ramani mpya itapandishwa kwa waokoaji wote, na ya kwake iondolewe. Kisha akasema onyo liko pale pale, kwa wote wawili, kwa sababu kampuni haiwezi kuendeshwa kila mtu akipandisha anachotaka. Nilitamani kumkasirikia na sikuweza kikamilifu. Katika hilo ana hoja. Hoja si sababu ya kutii.

Kasper amefuta msimbo wa Vegard kabla ya chakula cha mchana. Alinyoosha vidole kwanza kama mpiga kinanda.

Jumatatu, 3 Novemba

Onyo limekuja limechapwa, na mahali pa kutia saini. Linasema nilitenda bila idhini na kwamba naelewa uzito wa jambo hilo. Chini ya saini yangu nimeandika kwa mkono: "Naelewa. Nitatenda tena."

Vegard akasoma, akasema karatasi rasmi haiandikwi hivyo.

"Basi chapa nyingine, nitaandika vile vile."

Hakuchapa nyingine. Aliitia kwenye faili.

Jumapili, 16 Novemba

Theluji imefika hadi ufukweni. Jana waokoaji walikuwa nje tena, watoto wawili walioteleza thelujini kwa skii na kukata njia isiyo yao. Wamepatikana wazima, na wamegombezwa. Nilingoja siku nzima simu ya Bergljot na haikuja. Leo nimeshindwa kuvumilia, nimempigia mimi.

"Ukurasa ulikwendaje?" nikauliza.

Upande wake nilisikia kuni zikipangwa.

"Ukurasa gani?" akasema. "Haukunipa sababu ya kuukumbuka, mwanangu. Nilikuwa naangalia mlima."